Samaki Waliofika Kabla ya Mvua

Mwaka ule mvua ilituacha mwezi wa saba na haikurudi. Sisi watu wa pwani ya British Columbia, Kanada, tumezoea kuilalamikia mvua. Inanyesha mpaka mbao za nyumba zinaota ukungu, mpaka mtu anasahau kivuli chake kinafananaje. Lakini mwaka ule tuliitafuta angani kila asubuhi kama watu wanaongoja mgeni. Mwezi wa tisa ukaingia na vumbi barabarani. Moshi wa misitu iliyokuwa ikiungua nyuma ya milima ukateremka hadi ghubani na kutukaa vifuani.

Samoni, samaki wetu, hawakujua habari hizo. Wakati wao ulipofika, walikuja. Walijazana kwenye mlango wa Mto Hadley, migongo yao ikikata maji, wakirukaruka na kuanguka kwa kishindo, wakingoja mto ujae wapate njia ya kupanda. Mto wenyewe ulikuwa umebaki kama uzi.

Mimi ni Wendell. Zamani nilikuwa mvuvi. Siku hizi naendesha boti ya shule hapa kijijini kwetu Port Selwyn, na watoto wote wananiita Mjomba, hata wale nisio na undugu nao, ingawa hapa kwetu kumpata asiye ndugu ni kazi. Mwalimu wa darasa la sita ni dada yangu mdogo, Delphine. Alikwenda kusomea ualimu mjini, na aliporudi alirudi na mpango wake. Kila majira ya baridi shule huletewa mayai ya samoni kutoka kituo cha kutotolesha samaki. Watoto wa darasa la pili wanayatunza kwenye tangi la maji baridi hadi yaanguliwe, na majira ya kuchipua yakifika wanakwenda kuwamwaga vifaranga Mto Hadley. Vifaranga hao wanashuka baharini. Baada ya miaka minne, kama hawakuliwa na sili au mnyama mwingine wa baharini, wanarudi mto uleule kutaga mayai na kufa. Wakati huo watoto waliowamwaga wamefika darasa la sita, na Delphine anawapeleka kuwapokea.

"Mkikutana nao tutaona nani amekua zaidi," alizoea kuwaambia.

Samaki wetu tunawaita samoni mbwa, kwa sababu wakati wa kutaga ukikaribia madume wanaota meno ya mbele kama ya mbwa. Si warembo, lakini kwa kukausha kwa moshi hakuna wanaowazidi.

Mtu aliyeufanya mpango wa Delphine upendwe kijijini alikuwa Mama Verna, mke wa Mzee Leroy. Kila mwaka alikwenda nasi mtoni na kisu chake, akaketi juu ya jiwe, akapasua samaki mmoja mbele ya watoto na kuwaonyesha kila kitu kilichomo: moyo, ini, yale mayai mekundu yaliyolala kama shanga. Huku anacheka. Watoto waliojifanya kuona kinyaa aliwapaka magamba puani. Mwezi wa tatu wa mwaka ule Mama Verna alifariki. Mjukuu wake, Raylene, alikuwa darasa la sita, na ile safari ya mwezi wa tisa ilikuwa zamu yao.

Alipokuwa darasa la pili, Raylene alimchagua kifaranga mmoja tangini akamwita Mnene, japo alikuwa mwembamba kama njiti ya kiberiti. Siku ya kuwamwaga alilia mpaka bibi yake akaahidi kwamba Mnene atarudi. Watoto hawasahau ahadi.

Siku moja kabla ya safari, Mzee Leroy alitukuta gatini tukipakia ndoo na makoti ya kujiokolea. Alisimama pale, mikono mfukoni, kofia imeshuka machoni. Tangu mkewe afe alikuwa amekonda, shingo inacheza ndani ya kola.

"Mnakwenda Hadley na watoto?"

"Kesho, Mzee, maji yakijaa," Delphine akajibu.

"Utawaonyesha nini? Mawe?"

"Nitawaonyesha mto wao. Wamengoja miaka minne."

"Delphine, mto hauna maji."

"Najua hauna maji, Mzee. Mtu akiumwa si tunakwenda kumwona?"

"Unakwenda kumwona ukiwa na cha kumpelekea." Akageuka kuniangalia mimi. "Na wewe Wendell, umekaa kimya kama nguzo. Humwambii dada yako?"

"Dada yangu aliacha kunisikiliza akiwa na miaka mitatu," nikasema.

Hakucheka. Alitema mate pembeni ya gati akaondoka zake. Delphine alimtazama hadi akapotea nyuma ya duka, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Unaonaje?" Nikamwambia labda kwenye vidimbwi vya juu kuna maji. Nilikuwa sijafika huko wiki mbili. Nilisema nilichokitumaini, basi.

Tuliondoka asubuhi maji yakiwa yanajaa, watoto tisa, mimi na Delphine. Jua lilikuwa jekundu ndani ya moshi, mtu anaweza kulitazama bila kufumba macho. Watoto walikuwa na furaha ya kutoka darasani. Walikula sandwichi zao kabla hatujamaliza hata nusu ya safari. Dexter, ambaye mdomo wake haujui likizo, alikuwa akimchokoza Raylene.

"Huyo Mnene wako atakuwa kwenye tumbo la sili sasa hivi. Sili anacheua tu."

"Wako hata sili alimkataa."

"Wangu ndiye kiongozi wa msafara. Utamwona, atakuwa amevaa taji."

Tulipokata kona ya mwisho upepo ulitupiga usoni, na harufu ikaja nao. Dexter akaziba pua. "Mjomba Wendell! Umejamba?" Boti nzima ikaangua kicheko. Mimi pia nilicheka. Kisha harufu ikazidi, na mmoja baada ya mwingine wakafunika pua.

Nimevua tangu nikiwa mdogo. Samaki waliokufa nimewaona wengi sana, na kila mwaka mito yetu inanuka samoni wakishataga. Hiyo ni harufu tunayoijua, harufu ya kazi iliyokwisha. Dubu wanakula, tai wanakula, miti inakula. Hii haikuwa hiyo. Nilifunga boti kwenye gogo, tukapanda ufukoni na buti zetu za mpira, na pale msitu unapoanza tukauona mto.

Ulikuwa umejaa samaki badala ya maji. Walilala mkondoni kote, ubavu kwa ubavu, wengine wamepandana, macho meupe, matumbo yamevimba. Wimbi la maji kujaa lilikuwa limewapandisha usiku hadi kwenye vidimbwi vya chini, kisha maji yakakupwa yakawaacha. Waliofuata wakapita juu ya waliotangulia. Tai walikuwa mitini, wameshiba hadi hawana haja ya kuruka. Nzi ndio waliokuwa wakipiga kelele.

Delphine alikuwa ameliandaa somo lake wiki nzima, na kisu alikuwa nacho mfukoni, maana mwaka ule ilikuwa kazi yake kukishika. Akachuchumaa, akamvuta jike mmoja akampasua tumbo. Mayai yakamwagika juu ya mawe, mengi, mekundu, yamekaza. Yote yalikuwamo.

"Hajataga," Raylene akasema.

"Hajataga," Delphine akajibu.

"Na yule pale?"

Delphine akampasua na yule. Kisha wa tatu. Kisha akaacha, akafuta kisu kwenye suruali.

"Mwalimu," Raylene akasema, "hawa ndio wale wetu?"

Angeweza kudanganya. Mimi ningedanganya. Ningesema wetu wako bado baharini, wetu ni wajanja, wanangoja mvua. Delphine aliwatazama wote kwa zamu, wakiwa wamesimama na makoti yao ya rangi ya machungwa.

"Umri wao ndio huu," akasema. "Inawezekana wamo humu. Siwezi kukwambia hawamo."

Dexter akatapika. Msichana mwingine alianza kulia, halafu wawili, na Delphine akainuka akasema, "Haya, basi. Turudini botini. Jamani, turudi. Nimekosea, hii siyo ya kutazama."

Wakaanza kugeuka. Raylene hakugeuka. Alikuwa akitazama kidimbwi cha mbele kidogo, na ndani yake, kati ya wafu, kulikuwa na samaki hai. Walikuwa kama thelathini hivi, wamebanana, midomo juu ya maji, wakihema kama watu wanaokimbizwa. Maji yale nilitia mkono. Yalikuwa ya uvuguvugu.

"Bibi alikuwa anachota maji ya chai pale juu," Raylene akasema. "Chini ya mierezi. Yanatoka ardhini. Yalikuwa baridi mpaka meno yanauma."

"Raylene, ni mbali," Delphine akasema.

"Siyo mbali. Na ndoo tunazo."

"Mwanangu, hawa wamechoka. Ukiwashika watakufa."

"Wanakufa hata tusipowashika!" Alipiga kelele, na sauti yake ikarudi kutoka ng'ambo ya mto. "Mwalimu, si wewe ndiye ulisema mto ni wetu? Ni wetu siku za picha tu?"

Delphine aliniangalia. Nikaangalia maji ya bahari nyuma yetu. Yalikuwa yameshaanza kusita, na maji yakisita pale hayakai sana kabla ya kukupwa. Nilipaswa kusema twendeni. Badala yake nilichukua beseni la kubebea samaki wadogo wa heringi nikalijaza maji nusu.

Tulibeba samaki. Ndiyo kazi tuliyoifanya mchana kutwa. Njia ilikuwa mawe tupu yaliyokauka, yenye utelezi wa majani yaliyooza, na samoni mbwa si mwepesi. Akijipinda anakupiga kidevuni. Watoto waligawana wawili wawili kwa ndoo. Dexter, ambaye alikuwa bado ana matapishi kwenye mkono wa koti, alianguka akapasuka goti, akainuka akamfuata samaki wake aliyekuwa akirukaruka kwenye mawe, akimwambia, "Tulia, mjinga wewe, nakusaidia!" Raylene alipochoka kungoja ndoo alimbeba dume mmoja mikononi, kifuani, kama mtoto mchanga, akawa anapanda naye huku akimsemesha. Sikusikia anasema nini. Walipofika nusu ya njia, samaki akaacha kupinda mkia. Raylene aliendelea kutembea. Alifika naye mpaka kwenye chemchemi, akapiga magoti, akamshika ndani ya maji baridi akimsogeza mbele na nyuma ili maji yapite mashavuni, kama Delphine alivyowafundisha. Alimsogeza muda mrefu sana.

"Mwache, mama," nilimwambia.

"Bado."

"Raylene. Amekwenda."

Akamwachia, na samaki akalala ubavu akateremka taratibu hadi akakwama kwenye mzizi.

Wale waliofika hai hawakuwa wengi. Walisimama chini ya mierezi, gizani, wamekaa kama watu waliopigwa na hawajui na nani.

Niliposhuka kuiangalia boti, ilikuwa imepwelewa. Ilikaa juu ya tope imeinama upande. Nikawaita kijijini kwa redio nikasema tuko salama, tutarudi maji yakirudi. Watoto walikaa ufukoni wakitetemeka, wamelowa, na hakuna aliyekuwa amebakiza sandwichi. Delphine alivua koti lake akawafunika wawili. Yeye mwenyewe alikaa mgongo ameuelekeza mtoni.

Tulifika gatini jua likizama. Wazazi walikuwa pale wote. Maxine, mama yake Raylene, alimnyanyua mtoto kutoka botini kabla sijafunga kamba, akamnusa nywele, akanusa mikono, akaona damu ya samaki imekauka hadi kwenye viwiko.

"Umempeleka wapi mwanangu?" akamuuliza Delphine. "Nauliza, umempeleka wapi?"

"Maxine, nisikilize..."

"Nimemzika mama yangu juzi! Huyu mtoto hajamaliza kulia, na wewe unampeleka akashike maiti!"

"Walikuwa hai, Mama," Raylene akasema. "Wengine walikuwa hai."

Wiki iliyofuata kulikuwa na mkutano ukumbini. Mwalimu mkuu, ambaye si mtu wa hapa na huogopa kelele, alisema safari za mtoni zimesimamishwa hadi hapo itakapoamuliwa vingine. Wazazi walizungumza kwa zamu. Mmoja alisema mtoto wake anaota ndoto za samaki. Mwingine alisema wake amekataa kupanda boti. Maxine alisimama akasema Raylene haweki samaki mdomoni, hata wa kopo, hata mchuzi wake, na hajui nyumbani wale nini.

Delphine aliposimama sikumtambua sauti.

"Nilijua mto umekauka. Sikujua kiasi gani, lakini nilijua. Sikuwaambia wazazi, wala watoto, kwa sababu niliogopa mtakataa. Hapo nilikosea na nawaomba radhi. Lakini siwezi kusema samahani kwa watoto kuuona mto. Hilo sitalisema."

"Basi wewe hujaomba radhi," Maxine akasema.

Mzee Leroy alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na birika la kahawa. Watu walitazamia amkaripie Delphine, maana yeye ndiye aliyemwonya. Alikohoa.

"Maxine," akasema, "ulitaka tumwambie nini mtoto? Kwamba samaki wameenda likizo? Mimi nilimwambia mwalimu asiende. Nilisema hivyo kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa siwezi kwenda. Yule mtoto alikwenda, tena akabeba. Mimi nilikuwa kitandani nimegeukia ukuta." Akainuka, akachukua kofia. "Kahawa hii mbaya sana. Nani kaipika?" Akatoka nje.

Hakuna aliyeamua chochote baada ya hapo. Safari zilibaki zimesimamishwa.

Mimi na Delphine tulirudi Hadley wenyewe, siku ya mapumziko. Mto ulikuwa kimya na umeanza kukauka hata harufu. Kwenye chemchemi wengi wa wale tuliowabeba walikuwa wamekufa. Tulimkuta jike mmoja akijilaza ubavu na kupiga mkia chini, akifukua changarawe ili atage, na dume mwenye pezi lililochanika amesimama karibu naye akiwafukuza samaki ambao hawakuwapo. Tulikaa tukawatazama. Delphine alilia bila kujifuta. Nikammiminia chai ya chupa. Baadaye aliwasimulia darasa lake tulichokiona.

Mvua ilikuja mwishoni mwa mwezi wa kumi, na ilikuja na hasira zake zote. Ilinyesha juu ya ardhi iliyokuwa ngumu kama sakafu. Mteremko ulioko juu ya Hadley ulikatwa miti nilipokuwa kijana. Kampuni iliyoukata ilishavunjika, na hata waliofanya kazi kwake hubishana jina lake lilikuwa lipi. Mteremko ule ukaporomoka. Kwa siku kadhaa mto ulipita wa rangi ya kahawia, umebeba magogo na matope, na bahari yote mbele ya kijiji ikawa kama chai ya maziwa. Watu walisimama madirishani wakiitazama mvua waliyokuwa wameiomba. Hakuna aliyeuliza kuhusu mayai.

Mwezi wa kumi na moja Mzee Leroy alifanya karamu ya kumkumbuka mkewe. Kwa kawaida karamu kama hiyo ni samaki tu: wa moshi, wa kuokwa, supu ya vichwa, mayai ya heringi juu ya mwani. Safari hii meza zilikuwa na kuku wa dukani, tambi, na wali. Watu walikula na kusifia kwa sauti kubwa kupita kiasi. Baadaye Mzee Leroy akaingia na sanduku, akaanza kutoa chupa za samaki aliowahifadhi Mama Verna mwenyewe, za mwaka uliotangulia. Zilikuwa za mwisho. Akamwita Raylene aje azigawe, kila mtu kipande kimoja.

Raylene alipita meza kwa meza na uma. Alipomaliza alibaki amesimama na chupa iliyobakiwa na kipande kimoja.

"Hicho chako," babu yake akamwambia.

"Sitaki, Babu."

"Bibi yako ndiye aliyemkata huyo."

"Najua."

"Basi sikulazimishi. Lakini mimi sikili, na kutupa sitatupa. Tutakaa hapa wote watatu mpaka asubuhi, mimi na wewe na yeye."

Alikitazama sana kile kipande. Kisha akakitia mdomoni, akafumba macho, akatafuna polepole. Akatoka nje kwenye mvua bila koti. Nilimwona kupitia mlangoni, amesimama chini ya bomba la paa, mabega yanatikisika. Mama yake akamfuata. Kwa muda walikuwa wamesimama tu, wote wawili, wanalowa.

Baada ya mwaka mpya kituo cha kutotolesha kilipiga simu shuleni. Hawakupata samaki wa kutosha wa kukamua mayai, si katika mto wetu wala katika mito ya jirani, kwa hiyo hakutakuwa na mayai. Delphine aliwaambia darasa la pili mwenyewe, japo si darasa lake. Aliniambia mtoto mmoja alimuuliza, "Kwani tumefanya nini?"

Maxine alipata kazi ya usafi hospitalini, mjini Prince Rupert, akahama na Raylene mwezi wa pili. Siyo wao tu walioondoka majira yale. Tuliwasindikiza kwenye feri. Delphine na Maxine walikuwa hawajasemezana tangu mkutano, na hata pale walipeana mkono kama watu wanaokutana benki. Raylene alimkumbatia babu yake, akanikumbatia mimi. Kwa Delphine alisimama, akasema, "Utaniambia kama vifaranga wa chemchemi watatoka?"

"Nitakwambia."

"Hata kama hawakutoka?"

"Hata kama hawakutoka."

Mwezi wa nne Dexter na wenzake wawili walikuja gatini na mama zao. Mama zao wenyewe ndio waliotaka. Walisema watoto wanawasumbua, waende wakaone wamalize. Tukaenda. Mto ulikuwa na maji tele, lakini sehemu ya chini ilikuwa tope jeusi, limetandazwa kama saruji juu ya mahali pote ambapo samaki walikuwa wakitaga tangu mababu zetu. Tulipanda hadi kwenye mierezi. Kule maporomoko hayakufika. Tulilala kifudifudi ukingoni, nyuso karibu na maji, na Dexter, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikaa kimya muda mrefu kuliko wote.

Walikuwamo. Wachache, wembamba, macho makubwa kuliko mwili, wamejificha nyuma ya mzizi. Ungeweza kuwatia wote kwenye viganja viwili. Mto ambao zamani uliwatoa kama moshi ulikuwa umetoa hao.

"Ndio hao tu?" Dexter akauliza.

"Ndio hao tu," Delphine akasema.

Jioni alimpigia Raylene simu kutoka jikoni kwangu, akaiweka kwenye spika ili nami nimsalimu mtoto. Akamweleza kila kitu, tope na yote, hakuficha. Kisha akamweleza wale wa chemchemi.

Tulisikia gari likipita huko kwao.

"Wangapi?"

"Wachache sana, Raylene. Wengi wao hawatafika baharini. Unajua."

"Najua. Mwalimu, huku darasani kwetu tunasoma samoni. Wamebandika picha ukutani. Mwalimu aliuliza nani amewahi kuwaona mtoni. Nikasema mimi sijawahi."

"Kwa nini umesema hivyo?"

"Kwa sababu angeniuliza niliona nini."

Delphine alifunika mdomo kwa mkono. Mimi niligeukia sinki nikajifanya natafuta kikombe.

"Sawa," akasema alipoweza. "Sawa, mwanangu. Siyo lazima useme."

"Babu anakula?"

"Anakula. Analalamikia chakula cha kila mtu."

"Mwambie nampenda," Raylene akasema, akakata simu.

Sasa ni mwezi wa tisa tena. Mvua imechelewa, siyo kama mwaka jana, lakini imechelewa. Mwalimu mkuu mpya ameruhusu safari. Delphine amepita nyumba kwa nyumba akiwaambia wazazi waziwazi watoto wanaweza kukuta nini. Wengine wamekataa, na hakuwalaumu. Waliokubali ni wanne. Nimeshaijaza boti mafuta. Samaki wako mlangoni mwa mto, nimewaona jana nikipita, si wengi, wanarukaruka na kuanguka, wanarukaruka na kuanguka.